Sura Si Yake, Sauti Si Yake

Maisaka, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, nikaisikia marahaba yako, ile unayoitikia bila kuinua kichwa kwenye ungo. Hujambo huko? Kifua kimeacha kukusumbua asubuhi? Mwanahawa aliniambia kwenye simu kwamba umepona kabisa, lakini namjua mdogo wangu, mimi niliye mbali hunipa habari nzuri tupu. Na mikorosho je, imechanua, au ule ugonjwa wa ubwiriunga umeiwahi tena? Mimi ni mzima. Baridi tu ya huku ndiyo sijaizoea. Kuna asubuhi mlima Kwaraa hauonekani kabisa, unatoka nje unakuta ukungu umekaa mpaka kwenye kamba ya nguo. Nimenunua sweta la mtumba la kiume, linanifika magotini, nalivaa hata kazini.

Najua utashangaa kuona barua, tena ndefu, wakati simu ipo. Simu ya nyumbani mnaiweka sauti kubwa, Mama, na mjomba hujibu maswali ambayo hakuulizwa. Haya nataka uyasome peke yako kwanza. Nitampa mwalimu mmoja wa huku anayekuja Masasi kwa wakwe zake, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nimechanganyikiwa, Mama. Limetokea jambo hapa ninapoishi, mimi nimo ndani yake, na mpaka leo sijui kama nilichofanya kilikuwa kheri au la.

Nianze na kazi, maana bila kazi hutalielewa. Mjomba anasema nachora katuni, na si uongo, lakini kuchora ni sehemu ndogo. Ofisi yetu iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, chumba kimoja chenye kompyuta na pazia zito. Bosi wetu ni kijana wa Arusha, Elibariki, tunamwita Kaka Eli. Tunatengeneza filamu fupi za katuni za kuwafundisha wakulima: namna ya kukausha mahindi, namna ya kuyahifadhi yasipate ukungu na ile sumu yake. Mtu tukishamchora tunamkata viungo, bega peke yake, kiwiko peke yake, shingo, vidole, halafu tunaviunganisha ndani ya kompyuta ili viweze kukunjwa. Kwanza tunarekodi maneno. Kisha mimi nasikiliza neno kwa neno na kumpa mhusika midomo: akisema "mama" midomo ikutane, akisema "ondoka" iwe mviringo. Hiyo ni kazi ya subira tu, hata wewe ungeiweza.

Inayonitesa ni mwili. Kaka Eli husema mtu husema na mwili kabla hajasema na mdomo: macho yanatangulia, kichwa kinafuata, halafu bega, halafu mkono, neno linakuja mwisho. Ukikosea mpangilio huo, mtazamaji hajui kosa liko wapi lakini anaona huyu ni mwanasesere. Nilipofika mwanzoni, wahusika wangu wote walikuwa wanarusha mikono kama wanawake wa kwetu mnadani. Kaka Eli akacheka. Akasema, "Somoe, umenijazia Wamakonde. Huyu ni mkulima wa Babati, mikono yake iko ndani ya shuka." Nami nikaanza kuwatazama watu barabarani mpaka wengine wakaniuliza kama nawadai.

Sasa, filamu yenyewe. Kulikuwa na mkulima, tulimwita Baraka. Mke wake alimwambia mahindi hayajakauka, yeye akabisha, akayaingiza ghalani, yakaoza. Katika kisa kile lazima arudi nyumbani kumwambia mke kwamba amekosea. Mara nne nilimfanya Baraka aingie aombe radhi, na mara zote alikuwa kama mtu anayeomba kura. Kaka Eli akachoka. Akatoka, akaenda kwenye mashine ya kusaga iliyo nyuma yetu, akarudi na mbeba magunia aliyekuwa anapumzika pale. Mtu wa makamo, kichwa kimeisha nywele, meno ya mbele hana, anachechemea. Akasema anaitwa John na amefikia Bonga. Kaka Eli akamweleza kisa, akamwonyesha mlango wa ofisi.

"Jifanye huo ni mlango wa kwako. Umeharibu. Mkeo yuko ndani. Ingia."

"Niseme nini?"

"Chochote, kwa lugha yoyote. Sauti tutaweka ya mtu mwingine. Tunataka mwili tu."

Mimi nikashika simu kumpiga picha ya video.

Yule mtu alisimama nje muda mrefu, nikadhani hajaelewa. Kisha akavua katambuga zake, zile ndala za matairi, akazigonganisha mara moja polepole kukung'uta udongo, akaziweka kwapani. Hakupiga hodi. Akapitisha kidole gumba kwenye mwimo wa mlango kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayeangalia kama mchwa wameingia. Halafu akaketi pale pale kizingitini, mgongo kwenye mwimo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akasema maneno machache kwa Kiiraqw, akiangalia nje, si ndani aliko mke.  Kaka Eli akanong'ona, "Hiyo ndiyo." Mtu yule akainuka, akavaa katambuga, akapokea soda yake, akarudi kwenye magunia. Ofisini hatukumwona tena. Nilichukua mwendo wake wote nikamvika Baraka, ambaye ana kofia na masharubu na tumbo. Sauti akaweka Kaka Eli mwenyewe. Ikawa sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mwenye nyumba wangu unamjua kwa jina, Mama Elina. Ndiye aliyenipa blanketi nilipofika na ndiye anayenifundisha kunywa maziwa mgando bila kukunja uso. Anaishi na binti yake Elina, yuko kidato cha tatu. Mumewe alikwenda machimboni huko magharibi Elina akiwa bado mdogo. Baadaye akaja mtu akasema shimo limetitia na waliokuwemo hawakutoka. Walisubiri, hakuna aliyepiga simu, mwishowe ukoo ukakubali, wakaweka msiba bila maiti, wakanyoa, wakalia, wakamaliza. Picha yake iko ukutani sebuleni, kijana mwembamba mwenye nywele nyingi na koti la kuazima. Mwaka huu mgane mmoja wa Sigino, mkulima wa maharage, mtu mpole, alikuja kumposa Mama Elina. Akakubali. Padri alikuwa ameshaambiwa, matangazo ya ndoa yalikuwa yaanze kusomwa kanisani.

Jumapili moja, wametoka misani, tumekula, nikamwambia Mama Elina nataka aione kazi yangu kabla haijaonyeshwa kwa watu. Nikaweka kompyuta juu ya meza. Akafurahi sana. Akamcheka mke wa Baraka, akasema huyo ni shangazi yake mtupu. Kisha Baraka akafika mlangoni, akavua katambuga.

Mama Elina aliacha kucheka. Si kwamba alikunja uso, hapana, kicheko kilikatika tu, kama redio betri inapokwisha.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Baraka akaketi kizingitini, mguu ndani, mguu nje. Mama Elina akaweka kiganja juu ya meza, karibu na kioo, bila kukigusa.

"Somoe, nani amekuonyesha mume wangu?"

Nikacheka, Mama, Mungu anisamehe. Nikamwambia hiyo ni katuni, haina mtu. Akasema, "Sura si yake. Sauti si yake. Lakini huyo ni Baba Elina. Hakuna mwanaume mwingine anayekaa hivyo. Mama mkwe, mpaka anakufa, alikuwa akimkemea kwa kukaa kizingitini."

Nikatazama picha ukutani. Nikajaribu kuondoa zile nywele, kung'oa meno, kuongeza miaka na kuchechemea. Sikuweza kusema ni yeye, sikuweza kusema si yeye. Kwa hiyo nikasema neno la kwanza lililonijia. "Nimebuni mwenyewe." Akanitazama, akaondoka kwenda jikoni, nikasikia anaosha sufuria ambazo Elina alikuwa ameshaziosha.

Kesho yake nilimsimulia Kaka Eli. Akasema wanaume wa vijijini huvua ndala mlangoni, wote, na mtu aliyefiwa humwona marehemu kila mahali. Akanionya nisiingize ofisi katika mambo ya ndoa za watu. Lilikuwa neno la busara. Lakini mimi kazi yangu ndiyo hiyo, Mama, kutazama watu wanavyokaa, na tangu nianze sijaona mtu mwingine akikaa vile. Halafu tena nikajiambia, labda wa kijiji kimoja hukaa sawa, labda waliona mzee fulani utotoni wakamwiga. Siku nzima nilikuwa naamini hivi, baada ya chai naamini vile. Niliwaza, nikinyamaza, mwanamke huyu ataolewa huku mume wake yu hai anabeba magunia kando ya stendi. Nikisema, na kama siye, nimemfukua maiti aliyekwisha kuliliwa. Ungefanya nini wewe?

Jioni ile, jua bado lipo, Elina yuko kisimani, nikampa Mama Elina simu yangu. Nikamwambia, "Jana nilikudanganya. Yupo mtu. Huyu hapa."

Alitazama akiwa amesimama. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Yule mtu alipoanza kusema kwa Kiiraqw, Mama Elina aliifikisha simu sikioni kama mtu anayepigiwa. Ikaisha. Akairudisha, akasikiliza tena maneno yale machache. Kisha akanipa simu yangu.

"Siyo yeye," akasema.

Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika pindo la khanga unalikunja, unalikunjua, unalikunja. Mdomo umesema hapana. Mwili sijui ulisema nini. Ningekuwa namtengeneza yeye kwenye kompyuta ningejua la kufanya, lakini alikuwa mtu mzima aliye mbele yangu, nikaona aibu kumsoma.

"Anasema nini hapo?" nikauliza.

"Anasema mambo ya watu." Kisha, kama ambaye hajali, "Alisema amefikia wapi?"

"Bonga."

Akatikisa kichwa, akaenda kuwasha moto.

Siku iliyofuata hakwenda shamba. Alivaa lile gauni la Pasaka, akapanda gari la asubuhi. Bonga anakaa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mimi hilo sikulijua wakati ule. Alirudi mchana umeanza kupoa, udongo umemjaa miguuni, akapika kama kawaida, akanisalimia kama kawaida. Elina akamuuliza ametoka wapi, akasema, "Kumwona mgonjwa."  Nilidhani amekuta si yeye na ananionea hasira. Nikadhani amekuta ni yeye na ananionea hasira zaidi.

Ilikuwa Jumatano ndipo aliponiita. Tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye tu. Hakuinua macho kwenye sinia.

"Nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni," akasema. "Tangu mavuno ya mwaka jana yuko pale. Shemeji yangu anakuja hapa, anakunywa chai yangu, anarudi anakaa naye, haniambii."

"Ni yeye kweli?"

"Ni yeye. Hana meno."

Nikamuuliza kwa nini hakurudi. Akachagua jiwe, akalitupa, akachagua jingine.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Anasema shimo lilimvunja mguu tu. Anasema alikuwa anakuja. Alipofika njiani akakutana na mtu wa huku, akamwambia, wewe mbona tumeshakulilia? Basi akaona aibu. Anasema mtu akishaliliwa, anaanzia wapi kuingia?"

Mama, nilitaka kulia na nilitaka kumpiga yule mtu, yote kwa pamoja. Nikamuuliza Mama Elina yeye alimjibu nini.  Akasema alimsaidia kupanga zile kuni, akaondoka.

Kisha ndipo akaniomba. Jumamosi ile filamu yetu ilikuwa inaonyeshwa kwenye ukuta wa shule ya msingi hapa Maisaka, watu wote wamealikwa, ukoo mzima wa Baba Elina uko mtaa huu. Akasema, "Kama mimi nimemjua, na dada zake watamjua. Sitaki arudi kwa njia ya ukutani. Akirudi, arudi kwa miguu yake. Mbadilishe."

"Nimfanye nini sasa?"

"Wewe ndiye fundi. Mfanye aingie kama mwanaume mwingine yeyote."

Kaka Eli alikasirika, na nilimwelewa, kwa sababu ile ndiyo sehemu pekee katika filamu nzima iliyokuwa na uhai, sote tulijua. Nikamweleza kila kitu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasema, "Nilimpa soda." Kisha akasema tena, "Nilimwambia ajifanye huo ni mlango wake." Akaingia nyuma ya pazia akakaa. Alipotoka akaniambia, nikiweza kumaliza kabla ya Jumamosi nibadilishe, nikishindwa itaonyeshwa ile ile.

Nikafuta kazi yangu, Mama, nikaanza upya. Na sikuwa na mtu wa kuiga. Nilimweka Baraka mlangoni, mikono imening'inia, akanisubiri. Sijui ilitoka wapi, nikamfanya apige mwimo kwa kiganja, pa, pa, mara mbili. Kisha asukume kofia nyuma kwa dole gumba. Kisha ainue kidevu anuse, kama anayebahatisha kilicho jikoni. Kisha mikono yake miwili ikashuka chini, vidole vimefunguka, kama anataka kuinua kitu. Nikashangaa, hapo chini hakuna kitu. Katika kisa Baraka hana mtoto mdogo. Nikaangalia tena nikaona kwamba mlango nimeuchora mrefu mno na Baraka namwona kutoka chini, kidevu chake kiko juu sana, kofia inagusa dari. Ndipo nikaelewa ni macho ya nani yaliyokuwa yanatazama. Ilinibidi kuikata ile mikono, kisa hakikuihitaji. Vingine nikaviacha.

Jumamosi watu walijaa. Mama Elina alikaa kando yangu, Elina mbele yetu na wenzake. Baraka akafika mlangoni. Akapiga mwimo, akasukuma kofia, akanusa. Watu wakacheka vizuri, kicheko cha kumpokea mtu. Mawifi wa Mama Elina walikuwa mstari wa pili, nao wakacheka. Hakuna aliyegeuka. Mama Elina akaniinamia sikioni.

"Huyu naye ni wa nani?"

"Wa kwetu," nikasema. "Nadhani."

Jumapili yake, Baba Elina alikuja, kwa miguu. Mimi nilikuwa nafua uani. Alisimama getini akapiga hodi kama mgeni. Mama Elina akamkaribisha kama mgeni, akampa kigoda, kizingitini hakukaa. Wakazungumza Kiiraqw, mimi nikawa nawatazama kwa pembeni. Yeye alikuwa amejikunja, Mama Elina anaonyesha kwa kidole upande wa shamba, sauti imepanda, nikasema moyoni, leo ndiyo leo, anamfukuza. Nikamuuliza Elina wanagombania nini. Elina akasema, "Mama anamwambia ule mparachichi alioupanda yeye umezaa mpaka tawi limevunjika." Basi, Mama. Kazi yangu ndiyo hiyo na sikujua kitu.

Alikula, akaondoka. Sasa huja kila Jumapili, anakula, jioni anarudi Bonga. Elina anamwita "mzee", hajamwita baba. Yule mgane wa Sigino alikuja mwenyewe, Mama Elina akamweleza waziwazi mbele ya padri, akasikiliza, akasema, "Basi nashukuru umeniambia wewe na si watu." Aliacha gunia la maharage aliloleta, hakukubali kulirudisha. Dada zake Baba Elina, waliokuwa hawamsemeshi kaka yao wiki mbili, sasa wanauliza ni lini ukoo ukae uvunje ule msiba, maana eti upo utaratibu wake. Nilimuuliza Mama Elina kama wamerudiana. Akasema, "Anakula tu." Siku nyingine namsikia akiimba anapofagia. Siku nyingine namkuta amekaa na lile gunia la maharage mbele yake, hajalifungua.

Nimemrudishia mume au nimemvunjia ndoa? Sijui. Nilimuuliza hilo pia, nikapata ujasiri.  Siku hiyo aliniambia kitu kingine, alichokataa kuniambia mwanzo: maneno ya kwenye simu, yale aliyosema Baba Elina ameketi mlangoni pa ofisi yetu. Alisema, "Nimechelewa. Kama mmeshakula, msisumbuke, nitalala hivyo hivyo." Ni hayo tu. Mama Elina alisema ndivyo alivyokuwa akisema kila alipochelewa kutoka shamba.

Mama, tangu ile Jumamosi silali vizuri. Yule mtu niliyemweka ukutani, anayepiga mwimo mara mbili na kunusa, nilimwambia Mama Elina ni wa kwetu. Nilikuwa na miaka minne baba alipofariki. Nina picha yake moja, amesimama wima kama mlingoti, mikono ubavuni, haifanyi chochote. Je, ni yeye niliyemkumbuka? Au ni mjomba? Au ni jirani, au nimemtunga tu kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakaribia? Watu wote wameniambia alikuwa mtu mzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia alikuwa anaingiaje nyumbani, nami sikuwahi kukuuliza, niliona nitakuumiza.

Nisalimie Mwanahawa, mwambie habari za ile simu yake mpya nimezisikia mpaka huku. Msalimie mjomba, na mkewe aliyeninyoa nilipotoka unyagoni, na babu anayekaa na wewe, mwambie namletea shuka zito la huku. Msalimie jirani yetu mwenye kuuza vitumbua, mwambie huku wanavijua lakini si vile. Na wote wanaouliza habari zangu waambie nipo salama, ndivyo ilivyo.

Ukishamaliza kusoma, na kama moyo wako utakubali, siku moja ambayo mjomba hayupo, mwite Mwanahawa ashike simu yake asimame ndani ya nyumba, akupige picha ya video. Wewe toka nje, simama pale mlangoni. Usiseme neno lolote. Ingia tu kama baba alivyokuwa akiingia.

Mwanao anayekuwaza,

Somoe